Mwalimu, alitumia chambo gani?

Swali lilitoka nyuma kabisa, kwa mtoto ambaye kwa kawaida hasemi. Nilikuwa nimeshawafikisha katikati ya bahari ya Pasifiki. Maui, shujaa wa hadithi yangu, yumo chomboni na kaka zake, ndoana imezama, mshipi umekaza mpaka unalia, na huko chini kimenasa kitu kizito kuliko papa yeyote. Sauti nilikuwa nimeishusha kusudi, watoto wameinama mbele kunisikia. Yule mtoto akanyoosha kidole.

"Mwalimu, alitumia chambo gani?"

Nikasema pweza.

Hawakucheka, wana adabu. Lakini niliwaona wakitazamana. Kijiji chetu hapa Pemba kinatazama kisiwa cha Kojani, na watoto wengi wa pale baba zao huenda dago, miezi mizima wako ugenini wanavua. Mtoto wa aina hiyo ukimwambia kuna mtu kavuta nchi nzima kutoka chini ya bahari kwa kipande cha pweza, utamu umeshamwagika, huuzoi tena. Walinisikiliza mpaka mwisho kama wanavyosikiliza jedwali la kuzidisha.

Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Nililisoma usiku wa kuamkia siku ile, nikalipitishia kalamu nyekundu mwenyewe. Katika masimulizi ya Wamaori wa New Zealand, kaka zake Maui hawakumtaka chomboni, na alipoomba chambo wakamnyima. Akajipiga ngumi ya pua, damu ikatoka, akaipaka ndoana. Na ndoana yenyewe ilitokana na utaya wa bibi yake, Muri-ranga-whenua. Aliyepanda juu hakuwa samaki wa kuliwa, alikuwa kisiwa, kile cha kaskazini cha New Zealand, ambacho mpaka leo Wamaori hukiita Te Ika-a-Māui, yaani samaki wa Maui.

Miye nikaona damu, nikaona utaya wa bibi kizee, nikasema hapana, hawa watoto wa darasa la nne. Nikabakisha "ndoana ya ajabu". Nilijiona nina huruma.

Hizi hadithi nilianza kuwasimulia mwaka 2012. Ni kazi ya Alkhamisi baada ya alasiri, kwa sababu chuoni, yaani chuo cha Kurani, hawasomi Alkhamisi jioni wala Ijumaa, na mtoto asiye chuoni wala skuli saa hizo ama yuko juu ya mwembe wa mtu ama yuko pwani. Nilianza na watoto sita barazani kwangu. Vitabu nilivipata katika sanduku lililoletwa skuli, vyote vya Kiingereza, na vingine nikaazima maktaba ya mji wa Chake Chake. Nasoma usiku, naandika kwa Kiswahili kwenye daftari la kurasa mia mbili, kesho yake natamka. Sijawahi kusoma mbele yao nikiwa nimeshika kitabu. Mtoto akiona kitabu anajua kuna mtihani.

Namna ya kusimulia sikuifundishwa chuo cha ualimu. Nilijifunza kwa bibi yangu mzaa mama, wakati wa karafuu. Waliokulia Pemba watakumbuka: mchana mtu anachuma, usiku nyumba nzima imekaa kwenye jamvi inachambua, karafuu huku, makonyo huku, karabai inavuma katikati, vidole vimekuwa vyeusi na vinanuka mpaka Idi. Usingizi ukianza kutushika bibi anasema, "Paukwa!" Tunaitika "Pakawa!" Hapo anaanza na kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kaka, na mikono yetu inaendelea yenyewe mpaka pishi zinajaa. Leo nikifikiri, bibi alikuwa anatufanyisha kazi tu. Lakini hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo nilipopata Wagiriki na Wamaori na Waasante, niliwaingiza kwa mlango uleule wa bibi. Paukwa, pakawa. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mlango ulikuwa sawa. Nilivyowavalisha wageni wangu mlangoni ndiyo ikawa shida.

Miungu ya Wagiriki ilinitia katika fedheha kubwa. Niliogopa neno lenyewe. Mwalimu wa skuli Pemba anasimama mbele ya watoto wa Kiislamu anasema "mungu wa bahari"? Nikatafuta njia ya pembeni, nikaona nimepata: Poseidon nikamwita jini. Jini mkubwa wa baharini, ana mkuki wa meno matatu, akikasirika anautimba chini na ardhi inatikisika. Nilijipongeza kwa werevu huo. Watoto siku hiyo walitulia kuliko siku zote, hata vikohozi vilinyamaza. Nikadhani wamependezwa.

Siku ya tatu akaja mama mmoja skuli, kanga zake bado mbichi kwa maji ya chumvi. Yeye analima mwani, na bamvua likitoka ndiyo wakati wake, huenda na binti yake kumshikia kamba.

"Mwalimu, mwanangu umemwambia nini? Leo siku ya tatu hataki kutia mguu baharini. Nami mwani wangu unaoza."

Nikamwambia nimewasimulia hadithi ya Wagiriki.

"Wagiriki ndio nani?"

"Watu wa zamani, Ulaya huko."

"Basi jini lao limefikaje hapa?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwa mtoto wa Pemba jini si mambo ya hadithi. Jini ana jina, ana anayemjua, kuna nyumba ya tatu kutoka kwao ambako huja. Nilichukua kitu cha kuzua nikakivika nguo ya kitu ambacho mtoto anakiamini kabisa, halafu nikashangaa kwa nini kaogopa.

Habari zikafika kwa maalim wa chuoni, kama nilivyojua zitafika, nami nikenda mwenyewe kabla sijaitwa. Nilimkuta kwenye mkeka anawarekebishia watoto mbao zao. Aliniacha nikaeleza yote. Kisha akaniuliza:

"Hadithi unazifunguaje?"

"Kwa paukwa, maalim."

"Nao wanasema uongo njoo?"

"Ndiyo."

"Basi uongo umeuita kwa jina lake, hapo sina neno. Ila lile jini litoe. Majini tunayo ya kutosha Pemba hii, usituongezee ya Wagiriki." Akacheka peke yake kidogo. "Watu wale waliviabudu vitu vile?"

"Waliviabudu."

"Basi sema hivyo. Sema hii ilikuwa miungu yao. Kisa cha Nabii Ibrahimu na masanamu watoto hawa wanakijua tangu hawajang'oka meno. Wewe unadhani hawajui kama watu waliwahi kuabudu visivyokuwa?"

Akaongeza jambo moja ambalo nimelishika mpaka leo: kisa cha Mtume yeyote nisikitie paukwa. Nilikuja kuona maana yake baadaye, nilipokuwa nawasimulia habari za Gilgamesh, mfalme wa Uruk, kutoka mabamba ya udongo ya Iraki ya kale. Nikafika kwa mzee Utnapishtim na gharika yake, chombo kimeegama mlimani, anaachia njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru. Kabla kunguru hajaruka watoto watatu wakapiga kelele, "Nabii Nuhu!" Na tulikuwa tumeanza na uongo njoo. Niliikunja hadithi palepale nikarukia mwisho, mahali Gilgamesh amepata mmea wa kurudisha ujana, akauweka kando aoge, nyoka akauiba akaondoka nao na huku anajivua gamba. Hilo lilipita bila matatizo. Nyoka hana mtetezi.

Buibui ndiye mwenye watetezi. Niliwaletea Ananse, buibui mjanja wa Waasante wa Ghana, aliyekwenda kwa Nyame mwenye mbingu kununua hadithi zote za duniani. Bei yake ni kuleta wakiwa hai chatu, chui, nyigu na kiumbe wa msituni asiyeonekana. Sikufika hata kwa chatu. Binti mmoja akasimama, amekasirika kweli:

"Mwalimu, buibui si mwongo. Buibui ndiye aliyefunga mlango wa pango, Mtume yumo ndani na Abubakari."

Kwetu watu hawaui buibui kwa sababu hiyo, na miye mwenyewe nimelelewa hivyo, ila nilipokuwa na daftari langu usiku sikukumbuka. Kitabu cha Kiingereza hakiwezi kukukumbusha jambo kama hilo. Nilitaka kumbadilisha Ananse awe sungura, yote yangekwisha, sungura kwetu ana ruhusa ya kila uovu. Kinywa kilishafunguka. Aliyeniokoa ni mtoto wa jirani yake, kijana mdogo mwenye jino moja mbele, akamvuta yule binti nguo: "Kaa, huyu ni buibui wa Ghana." Yule binti akafikiri, akakaa. Tukaendelea. Ananse alipojimwagia maji na kujifunika jani la mgomba kichwani, akawaambia nyigu mvua imekuja, ingieni kibuyuni mjisitiri, yule binti ndiye aliyecheka zaidi.

Tangu siku hiyo nikaona ni afadhali mgeni aje kama mgeni. Watoto wana mahali pa kumkalisha.

Persephone alinithibitishia hilo. Hadithi yake ni ya binti aliyechukuliwa chini ya ardhi, mama yake Demeter akahuzunika mpaka mimea ikakataa kuota, na kwa kuwa alikula komamanga huko chini, ikabidi kila mwaka arudi kwa muda. Wagiriki waliitumia kueleza majira yao. Nikaona niwasaidie watoto kwa kuifanya ya kusi na kaskazi. Mmoja akaniuliza, wakati wa kusi muhogo unakufa? Haufi, nikakubali. Basi mama yake hakuhuzunika sana, akasema. Wiki iliyofuata niliirudia nikaacha kuwa mjanja, nikawaeleza nchi ambako miti hupukutisha majani yote kwa miezi, ikabaki vijiti, na mtu akipumua moshi unatoka. Hiyo iliwatisha kuliko kuzimu. Komamanga, nalo, halikuhitaji maelezo, lipo nyuma ya nyumba. Tulibishana kuhusu punje. Utenzi wa kale wa Kigiriki unataja punje moja, mshairi wa Kirumi Ovid anasema saba, na watoto wakaamua moja ndiyo kali zaidi, kwa sababu saba mtu unakuwa umeshashiba, unastahili. Jina lenyewe waliligeuza wakalifanya Pasi-foni. Ndiyo maana, wakasema, hakuweza kumpigia mama yake.

Kuna tabia nyingine niliyoiacha, nayo ni ya walimu wote. Tukimaliza hadithi tunauliza, inatufundisha nini? Watoto wa skuli wana jibu moja la dunia nzima: tuwatii wazazi. Icarus kapaa karibu na jua, nta ikayeyuka, akaanguka baharini: tuwatii wazazi. Chatu wa Ananse kafungwa kwenye mti: tuwatii wazazi. Sasa Icarus namsimulia na maonyo mawili ya baba yake, si moja. Wengi hulitaja la juu tu. Daedalus alimwambia pia asishuke chini mno, mawimbi yataroanisha manyoya yawe mazito. Sisemi neno la zaidi. Kuna mtoto aliyekaa siku nzima akiniuliza kwa nini basi hawakuondoka kwa chombo, Krete ni kisiwa, vyombo lazima vipo. Nikamwambia mfalme Minos alikuwa amezishika bandari zote. "Ahaa," akasema, kama mtu mzima.

Sasa msomaji ataniuliza, kwani hadithi hazibadiliki? Zinabadilika. Bibi alikuwa na hadithi ya kima na papa. Kima anakaa mkuyuni ufukweni, anamtupia papa matunda, urafiki unakua, papa anambeba mgongoni kwenda kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, ungeniambia mapema, sisi mioyo yetu huiacha mtini. Papa anamrudisha, kima anapanda, na hashuki tena. Miaka yote nilijua hii ni ya nyumbani kwetu. Kumbe mmishonari wa Kiingereza Edward Steere aliikuta Unguja akaichapisha mwaka 1870, na kabla ya hapo sana ilikuwa India, katika Panchatantra, ila huko anayembeba kima ni mamba. Ibn al-Muqaffa alipoiandika kwa Kiarabu karne ya 8, katika Kalila na Dimna, mbebaji ni kasa. Mamba, kasa, papa. Kila maji na mnyama wake.

Lakini aliyemtoa mamba akamtia papa hakuwa na kalamu nyekundu. Alikuwa mtu wa pwani aliyesimulia jambo analolijua, mbele ya watu wanaojua zaidi yake, na kama papa asingekaa sawa wangemwambia. Na moyo hakuuondoa. Angeweza kusema sultani anataka "kitu cha ajabu" cha kima. Pweza wangu miye hakutoka baharini, alitoka kwenye woga wangu.

Kwa hiyo Alkhamisi iliyofuata niliwaambia watoto, ile ya Maui niliwadanganya. Mmoja akasema si tulisema uongo njoo? Nikamwambia huu ulikuwa uongo wangu, si wa wenyewe. Nikaanza upya. Kaka zake walimnyima chambo. Nikanyamaza kidogo, nikajipiga ngumi ya uongo puani, nikapaka kidole kwenye ndoana ambayo haipo. Hapakuwa na aliyeogopa. Yule mtoto wa nyuma alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya haki. Kisha maswali yakaja mfululizo, na yote ya kivuvi. Chombo kilikwenda wapi baada ya hapo? Nikawaambia kisiwa cha kusini cha nchi ileile huitwa chombo cha Maui. Na nanga? Hapo nilifurahi, maana jibu lipo: kusini zaidi kuna kisiwa kidogo, Rakiura, nacho ndicho jiwe la nanga lililokishikilia chombo Maui akivuta. Nilipokisoma hicho nilikipita kama mapambo. Watoto wakakiulizia wenyewe, bila kudokezwa, kwa kuwa walioitunga hadithi ile nao walikuwa watu wa chombo na wasingekiacha bila nanga.

Miezi mingi baadaye nilikwenda dikoni kununua kitoweo. Wavuvi walikuwa wamerudi dago, watu wamejaa, mnada haujaanza. Bwana mmoja, kachuchumaa anapara tasi, akanyanyua kichwa.

"Ndiye wewe mwalimu wa Alkhamisi?"

Nikasema ndiye.

"Mwanangu kanihadithia huyo Maui wenu mpaka nimemjua. Hebu nambie, samaki walimkata mwenyewe hayupo?"

Nikamwambia ndivyo wasemavyo. Maui alikwenda kwanza kuituliza miungu yao, akawakataza kaka zake wasimguse samaki mpaka arudi. Alipogeuka tu wakamrukia na visu, huyu pande lake, huyu pande lake. Mabonde na milima ya nchi ile ndiyo hayo majeraha.

Akapara kidogo. Magamba yalikuwa yanamrukia kifuani.

"Samaki wa mtu huyo, kwa chambo cha damu yake. Hawana haya." Akakosha kisu ndooni. "Basi na hii Pemba waliikata. Tazama hivi vilima vyote, huwezi kwenda msikitini hujapanda na kushuka."

"Na Unguja je?" nikamwuliza. "Mbona tambarare?"

"Unguja mwenyewe aliwahi kurudi."